Sikio la Bi Rudia lililowaumbua matapeli wa mtandaoni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, chai ndiyo kwanza inachemka jikoni, lakini Bi Rudia yuko kazini. Ofisi yake iko hatua sita kutoka kitandani: meza ndogo iliyosukumwa kwenye pembe ya chumba, kati ya kabati la nguo na dirisha, na blanketi zito lililopigiliwa ukutani kuzuia mwangwi. Amevaa gauni la nyumbani na hedifoni kubwa nyeusi. Mguu wake wa kulia, pekupeku, umekaa juu ya kanyagio la cherehani.

Cherehani yenyewe haipo. Kilichopo ni kanyagio tu, na waya unaopanda mguu wa meza hadi kwenye kompyuta. Akilikanyaga, sauti ya mtu inaanza kuzungumza masikioni mwake. Akiliachia, sauti inasimama na kurudi nyuma sekunde tatu, tayari kusema tena. Muda wote huo vidole vyake havibanduki kwenye herufi.

"Mwanangu, chai!" anaita mama mkwe wake kutoka mlangoni.

Herufi zinaendelea kulia ta-ta-ta.

"Mwanangu!"

Bi Rudia anageuza shingo na kuinua upande mmoja wa hedifoni. "Abee, mama. Rudia hapo."

Bibi huyo anamgeukia mwandishi wa gazeti hili na kutikisa kichwa. "Umesikia mwenyewe? Watu wanadhani jina tulimpa sisi. Kajipa mwenyewe, kutwa mara mia."

Kwa miaka mitano sasa, kila anayezungumza na mama huyu huambiwa arudie. Jirani akija kuomba kiberiti, rudia hapo. Mwenye nyumba akija kuulizia kodi, rudia hapo, na huyo hurudia kwa furaha kabisa. Mtaani wapo wanaomfahamu kwa miaka na hawajui jina lake la kuzaliwa.

Kazi yake ni kugeuza sauti kuwa maandishi. Kuna watafiti wanaorekodi mahojiano, kamati zinazorekodi vikao, wahadhiri wanaorekodi masomo. Sauti humfikia kwa intaneti, yeye husikiliza na kuchapa neno kwa neno, kisha hurudisha kurasa. Hulipwa kwa kila dakika ya sauti.

"Saa moja ya sauti inanila saa nne mpaka tano," anasema, akikoroga chai. "Wakiongea wawili kwa mpigo, saa sita. Na kukiwa na jogoo, basi. Jogoo wamenitesa mimi! Mtu anasema jambo la maana, jogoo naye ana yake ya kusema."

Mwezi mzuri humwingizia mara mbili na nusu ya mshahara wake wa mwisho wa ofisini. Mwezi mbaya haufiki hata nusu ya mshahara huo. Anasema mazuri ni mengi kuliko mabaya, na kwamba amejifunza kuishi kwa kipimo cha mwezi mbaya.

Ofisini alikaa miaka kumi na minne. Alikuwa mchapaji wa mawakili, ghorofa ya pili, ngazi zenye giza hata mchana. Wakili mkubwa alipostaafu, ofisi ikafungwa, na yeye akashuka zile ngazi akiwa na umri wa miaka arobaini na tatu, barua ya shukrani mkononi.

"Barua nzuri sana," anakumbuka. "Niliichapa mimi mwenyewe."

Akaanza kutafuta kazi ya kufanyia nyumbani. Mume wake ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mikono myepesi, na wakati huo mama yake fundi alikuwa ameanza kuumwa miguu, hawezi kuachwa peke yake. Ndipo Bi Rudia alipokutana na tangazo lililomwambia achape kurasa akiwa kwake na alipwe kila wiki.

Kwanza wakaomba ada ya kujiandikisha. Akatuma. Wakaomba ada ya mafunzo. Akatuma. Alipochapa kurasa mia mbili na kuonyeshwa kwenye skrini kwamba fedha zake zipo, zikaonekana zimezuiwa, na kizuizi nacho kikawa na ada yake. Akatuma hiyo pia. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Fedha alizotuma ndizo walizokuwa wameweka akiba kununulia fundi cherehani mpya ya umeme, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inakohoa.

"Nilikasirika, nisiseme uongo," anasema fundi, akiwa katika karakana yake mbele ya nyumba, sindano tatu zimechomekwa kwenye kola. "Siku mbili sikumsemesha. Siku ya tatu nikaona namnunia mtu ambaye ameshajisema mwenyewe kuliko ambavyo mimi ningeweza. Nikamwambia, mke wangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Miezi sita baadaye cherehani ya zamani ikaungua mota. Kanyagio lake likabaki zima. Bi Rudia, ambaye kwa wakati huo alikuwa amepata mteja wake wa kwanza wa kweli na alikuwa anasumbuka kuacha kuchapa kila mara ili asimamishe sauti kwa kipanya, akalitazama lile kanyagio kwa siku mbili. Kisha akampelekea fundi redio wa mtaa wa pili.

Fundi redio akapasua kipanya kibovu cha kompyuta, akatoa matumbo yake na kuyapachika ndani ya kanyagio. Tangu siku hiyo mguu ukachukua kazi ya mkono, na kasi ya Bi Rudia ikapanda karibu maradufu. Mama mkwe alichukua muda kuzoea.

"Namkuta kakaa, kaziba masikio, mguu unakwenda kama anashona, na nguo haipo," anasimulia bibi huyo. "Mara anacheka peke yake. Mara machozi. Nikamwambia mwanangu, mkeo tumpeleke akaangaliwe mapema, kabla mambo hayajaharibika."

Siku alipoelewa kwamba cherehani mpya ya umeme iliyoingia karakanani imenunuliwa kwa kazi ile ile, bibi akaacha kusema mambo ya kupelekwa kuangaliwa. Siku hizi ndiye anayewafukuza kuku dirishani.

Habari zilienea. Wa kwanza kuja kuomba kufundishwa alikuwa wifi yake, dada yake fundi, mama wa pacha wa miezi minane, ambaye hakuwa na namna ya kwenda kazini na watoto wawili mgongoni. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa kike, jirani, mwenye hati nzuri na subira haba. Baadaye wakafika saba. Bi Rudia aliwafundisha bure, alasiri tatu kwa wiki, na akawafungulia kundi kwenye simu.

Sheria alizowapa zilikuwa tatu, na alizisema kama mtu aliyezilipia, maana alizilipia. Usilipe hata senti ili upewe kazi. Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akijiita nani. Na kazi yenye haraka kubwa na malipo manono kupita kiasi, iache ipite.

"Nilijiona nimeerevuka," anasema. "Nikawa nimeufunga mlango aliopitia mwizi wa kwanza, makufuli matatu. Wa pili akapitia dirishani, na mimi nikampokea mzigo."

Mwaka jana alikuta mtandaoni wakala wa uchapaji aliyekuwa akitafuta watu. Tovuti ilikuwa safi. Mkataba ulikuwa umeandikwa vizuri, na yeye mikataba anaijua. Malipo yalikuwa ya kawaida, si manono. Ada hawakuomba kabisa. Walitaka jambo moja tu: kila mwombaji achape jaribio la dakika kumi za sauti, ili wapime kiwango chake.

Jaribio ni jambo la kawaida katika kazi hii, ila mara nyingi huwa dakika moja au mbili. Bi Rudia aliona kumi ni nyingi. Lakini hakuna aliyemwomba fedha, na kwa sheria zake hilo lilitosha. Akaandika kwenye kundi maneno ambayo leo anayarudia akiwa amefumba macho: "Jamani, hawa nimewachunguza, ni watu wazuri. Ombeni wote."

"Mimi ndiye niliyeandika hivyo," anasema. "Si mtu mwingine."

Yeye mwenyewe alituma jaribio lake Jumatano. Sauti ilikuwa ya muuguzi akihojiwa kuhusu kazi yake ya wodini. Bi Rudia aliichapa kwa makini, akaisoma mara tatu, akaituma. Kesho yake likaja jibu: walimshukuru kwa muda wake, ila kazi yake haikufikia kiwango.

Miaka kumi na minne kwa mawakili, minne nyumbani, halafu hajafikia kiwango. Alilisoma jibu lile akiwa amesimama jikoni, na anasema alihisi uso ukimwaka moto kana kwamba kuna mtu anamtazama. Hakumwambia fundi. Hakumwambia mama mkwe. Kwenye kundi ndiyo kabisa. Angewaambia nini watu aliowafundisha?

Siku tisa alinyamaza. Katika siku hizo kundi nalo likapoa. Zile salamu za asubuhi na vichekesho vya jogoo vikakoma. Mwalimu mstaafu akajitoa bila kuaga. Bi Rudia alipokutana naye dukani, mwalimu akasema macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akaondoka na mkate wake. Jina lake yeye Bi Rudia, alilolijenga kwa wanawake wale alasiri baada ya alasiri, lilikuwa linabomoka, na hakujua ni kwa nini.

Ijumaa alasiri wifi akaingia. Pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani, na begani begi lenye kompyuta aliyoinunua kwa akiba ya mwaka mzima.

"Wifi, huko karakanani kwa kaka kunapita watu wengi," alianza, bila kukaa. "Kuna mmoja ameiulizia. Atakuja kesho. Nimeona niiuze tu."

"Uuze kwa nini?"

"Kazi hii si yangu, wifi. Tusidanganyane."

"Rudia hapo. Nani kasema si yako?"

Ndipo machozi yakamtoka wifi. Alifeli jaribio. Alikuwa amelichapa usiku wa siku tatu mfululizo huku ananyonyesha, na wakamjibu hajafikia kiwango. Aliona aibu kumwambia mtu aliyempendekezea kazi hiyo. "Umenifundisha bure, halafu nikutie aibu? Bora niiuze."

Bi Rudia anakiri kwamba jambo la kwanza alilolisikia moyoni ni nafuu, na anaona haya kulisema. Kumbe si yeye peke yake. Lakini hilo bado hakulisema. Alichosema ni kile ambacho mwalimu yeyote angesema: "Hebu lete hiyo sauti nisikie ulikosea wapi."

Akavaa hedifoni, akakanyaga. Sauti ikaanza bila salamu wala swali, katikati ya sentensi: "...mlango wa wodi, nikamkuta amekaa tu, anatazama ukuta."

Aliachia kanyagio. Sekunde tatu nyuma. Akakanyaga tena. "...mlango wa wodi, nikamkuta amekaa tu..."

Sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye kikohozi kidogo kabla ya kila sentensi ndefu. Bi Rudia aliijua sauti ile kama anavyoijua ya mama mkwe wake, maana alikaa nayo dakika kumi kwa saa nzima. Na alijua vizuri jaribio lake yeye liliishia wapi, kwa kuwa mwisho ule ulimkera siku ile: uliishia neno likiwa mdomoni. "Nilipoingia zamu ya asubuhi, nikafungua..."

Nikafungua. Mlango wa wodi.

"Nilivua hedifoni nikaziweka mezani," anasema. "Wifi akaniuliza, nimekosea sana? Nikamwambia, wifi yangu, hujakosea hata nukta. Na mimi pia nimefeli. Siku tisa leo. Kaa chini tuongee."

Jumamosi asubuhi aliwapigia simu wote, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwanzia kwa maneno yale yale: mimi nimefeli jaribio, wewe je? Kila mmoja akasema na mimi. Mwalimu mstaafu alikuwa wa mwisho. "Macho yangu hayana tatizo lolote," alikubali. "Nilikuwa nakukwepa."

Wanawake wanane wakajaa sebuleni, na mnunuzi wa kompyuta alipobisha hodi aliambiwa mali imekwisha. Kila mmoja akasoma mstari wake wa kwanza na wa mwisho. Mwisho wa huyu ukawa mwanzo wa yule. Kufikia saa sita mchana walikuwa wamevipanga vipande saba vikafuatana, cha nane kikawa kimeruka mbele kidogo.

Fundi aliletwa kutoka karakanani aje asikilize. Alisimama mlangoni na futi yake shingoni, akasikiliza miungano miwili mitatu, akasema, "Hilo ni jora moja, mmekatiwa tu."

Wakala yule hakuwa akitafuta wachapaji. Alikuwa amepokea kazi kutoka kwa mtu, akaikatakata vipande vya dakika kumi kumi, akavigawa kwa waombaji na kuviita majaribio. Wote wakifeli, kazi imekwisha, na malipo yote ni yake. Hakuhitaji kuomba ada. Alihitaji tu kila mtu aone haya kivyake.

"Kila mmoja wetu alificha aibu yake ndani ya nyumba yake," anasema Bi Rudia. "Tungekuwa watu wa kusemezana, angetupata mmoja au wawili. Alitupata wanane."

Hasira sebuleni haikuwa ndogo. Wifi alitaka vipande vyote viwekwe hadharani mtandaoni, dunia nzima isikie. Mwalimu mstaafu alishaanza kumwandikia wakala ujumbe ambao, kwa maelezo ya waliouona, haukufaa kuandikwa na mtu aliyewahi kufundisha watoto.

Bi Rudia ndiye aliyewazuia. Katika kipande cha mwalimu kulikuwa na maneno yaliyomkaa kichwani. Muuguzi anasimulia jambo lililotokea wodini kwake, anasita, kisha anasema: "Lakini hili lisitoke humu ndani." Na mtafiti anamjibu: "Halitoki, dada. Nakuahidi."

"Limeshatoka, tena liko sebuleni kwangu na watu wanane wamelisikia," anasema. "Tukimwanika tapeli, tunamwanika na yule mama. Nikawaambia, jamani, mwenye jora hili hajui kwamba limeibwa. Tuanze na yeye."

Kumpata hakukuwa kugumu. Kipande cha kwanza kilianza na mtafiti akijitambulisha, jina na chuo chake. Bi Rudia akamtafuta, akapata namba yake, akamtumia ujumbe: ana sauti ya mahojiano yake na muuguzi, na anahitaji kuzungumza naye haraka.

Hakujibiwa. Alipojaribu tena, akakuta namba yake imefungiwa.

Fundi alipousoma ujumbe ule alicheka hadi akaketi. "Mke wangu, 'nina sauti yako, tuongee haraka'? Hata mimi ningekufungia!"

Bi Rudia hakucheka siku hiyo. Leo anacheka. Mwanamke aliyetaka kumwonya mtu dhidi ya matapeli alikuwa ameandika kama tapeli mwenye uzoefu. Akakaa na kujiuliza: mimi mwenyewe, baada ya yote yaliyonipata, ningemwamini mtu wa namna gani? Jibu lake lilikuwa rahisi. Ningemwamini asiyeniomba kitu, na anayenipa namna ya kumhakiki.

Jumatatu alipiga simu mapokezi ya chuo, namba iliyo wazi kwa kila mtu, akaomba aunganishwe. Mtafiti alipopokea, Bi Rudia akazungumza bila kupumua asije akakatiwa.

"Dada, sitaki hela na sitaki uniamini. Nakwambia kitu kimoja, kisha ukipenda ukate. Dakika ya sita ya rekodi yako kuna kijiko kilianguka sakafuni. Ukasema samahani, ukacheka, na muuguzi akasema acha, nitaokota mimi. Sasa muulize wakala wako nimeyajuaje hayo. Mwambie akutajie waliochapa kazi yako."

Mtafiti akasema kwa sauti ya chini mno kwamba atamuuliza. Bi Rudia anasema ni mara chache maishani alitamani kumwambia mtu arudie na hakuthubutu.

Mtafiti, mwanamke wa miaka thelathini na ushei ambaye aliomba asitajwe jina, anaikumbuka simu ile vizuri. "Chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na muuguzi," alisema. "Niliposikia habari ya kijiko, nilijua rekodi yangu imetoka nje. Nilikuwa nimemwahidi yule dada."

Alimpigia wakala na kumwomba majina. Akajibiwa kwamba kazi iko kwa timu ya wataalamu walioapa kutunza siri. Akauliza tena. Simu ikakatika. Nusu ya malipo aliyokuwa ametanguliza haijarudi hadi leo, na hategemei kuiona. Mahojiano mengine thelathini alikuwa bado hajayatuma, na hilo ndilo lililomwokoa.

Alikuja nyumbani kwa Bi Rudia Alhamisi ile. Kabla ya hapo, anasema, alikwenda kwa muuguzi kwanza, akamweleza yote na kumwomba radhi ana kwa ana. Muuguzi hakufurahi, na alikuwa na haki. Aliuliza swali moja: hao wanawake wanane ni watu gani?

Wanane hao walimkaribisha mtafiti kwa chai. Mbele yake kila mmoja akafuta kipande chake kwenye kompyuta na kwenye simu. Wakatia saini karatasi ya kutunza siri, aliyoiandika Bi Rudia mwenyewe kwa lugha ya mawakili, yenye vifungu sita. Mtafiti aliisoma, akasema hajawahi kuona karatasi kali namna ile.

Kisha akafungua mkoba na kusema angependa kuwalipa dakika themanini walizochapa. Na angependa wachukue mahojiano yaliyobaki, kama hawajachoka kusikia sauti yake.

"Sawa," alisema Bi Rudia. "Lakini kwanza utatupa jaribio."

"Mama, baada ya yote haya? Naona hata haya kuomba."

"Jaribio ni haki yako, hujatujua bado. Ila liwe la dakika moja."

Walifaulu wote wanane. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni akiosha macho tu, akapiga kofi gotini. "Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani," alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko, wifi akicheka na kulia kwa pamoja.

Kazi ile iliwachukua miezi minne. Wifi alilipa deni la dukani na kununua hedifoni nzuri, na kompyuta yake haijaulizwa bei tena. Mwalimu mstaafu alirudi kundini na siku hizi ndiye mhakiki wa kazi zote kabla hazijatumwa, kazi inayomfaa mtu asiye na subira na makosa. Mtafiti amewaletea wenzake watatu wenye rekodi zao.

Wakala yule? Tovuti ilifungwa baada ya wiki mbili. Bi Rudia anaamini yupo bado, amevaa jina jingine. "Matapeli hawaishi, ni kama vumbi," anasema. "Unafagia leo, na kesho unafagia."

Kwa hiyo sheria za kundi sasa ni tano. Ya nne: jaribio likizidi dakika mbili, uliza kwanza kundini, na tazama kama sauti imeanza au kuishia katikati ya sentensi. Ya tano imeandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa juu ya meza yake, pale pale kwenye blanketi: UKIFELI, SEMA SIKU HIYO HIYO.

Kundi lina watu kumi na mmoja, na foleni ya wanaotaka kuingia. Chumba cha nyuma ya karakana ya fundi, ambacho sasa kimejaa vipande vya vitambaa na majora yaliyoisha, kitasafishwa mwezi ujao. Bi Rudia amepima: zitaingia meza nane, laini moja ya intaneti ya pamoja, na kona ya watoto wa wifi. Anataka kuwasajili wawe kikundi chenye jina na akaunti, ili mteja ajue anampa nani kazi yake na nani wa kumuuliza ikivuja.

Fundi naye ana mchango wake. Anainama na kuvuta gunia kutoka chini ya meza ya kukatia. Ndani yake mna makanyagio matano ya cherehani zilizokufa, aliyoyakusanya kwa mafundi wenzake. "Bado matatu," anasema. "Wenzangu wanadhani nimechanganyikiwa. Nimewaambia mke wangu ndiye aliyeanza."

Saa nne kasorobo, simu ya Bi Rudia inalia. Ni mwanachama mpya kabisa wa kundi, binti aliyejiunga wiki tatu zilizopita. Bi Rudia anaiweka spika na kuendelea kuchapa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona sauti imepoa hivyo?"

"Dada, nimefeli jaribio. Jibu limekuja sasa hivi, wamesema sijafikia kiwango. Sikutaka hata kusema. Ila ulituambia tuseme."

Vidole vinasimama. Bi Rudia anavua hedifoni, anaziweka mezani, na kuivuta simu karibu.

"Umefanya vizuri sana kusema, mdogo wangu. Hilo jaribio lilikuwa la dakika ngapi?"

"Kumi na tano."

Bi Rudia anamtazama mwandishi, kisha anavuta daftari na kufungua ukurasa mpya. "Haya. Usilie. Niambie sauti yako ilianza na maneno gani."

Binti anayataja, harakaharaka, pua imeziba kwa machozi.

"Rudia hapo," anasema Bi Rudia, kalamu ikiwa tayari imegusa karatasi.